Sponji na Picha ya Kabla

Ukiingia kwenye karakana ile na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" ujue umeshaiharibu siku yako. Mwanamke aliyepiga magoti nyuma ya kochi, pini mdomoni na nyundo mkononi, atakutazama kuanzia viatuni hadi utosini, ateme pini kwenye kiganja moja baada ya nyingine bila haraka, kisha akwambie, "Unamwona." Huyo ndiye Sponji. Jina la kuzaliwa analo, lakini hata mama yake mzazi siku hizi hulitafuta kidogo kabla halijamjia.

Kazi ya kushona makochi aliirithi kwa mjomba wake. Mjomba alipoanza kuona sindano moja kama mbili, alimkabidhi mpwa wake nyundo, mkasi na ile cherehani nzito ya vitambaa vigumu, akaenda kukaa kwenye kiti kando ya mlango, kazi yake sasa ikiwa kukosoa. Kazi hiyo aliiweza vizuri sana, pengine kuliko ya kwanza.

Mwanzo ulikuwa mkavu. Watu walikuja, wakamwona mwanamke, wakamwamkia mzee mlangoni na kumweleza yeye shida za viti vyao. Mzee akionyesha kidole ndani walicheka, wakidhani anawatania. Wengine waliondoka na makochi yao yamevunjika vilevile. Sponji hakulia, si mtu wa kulia. Alinunua simu yenye kamera nzuri, akaisimamisha juu ya kopo la gundi, akajirekodi akilifumua kochi bovu na kulisuka upya, akaiweka video mtandaoni. Simu haikumuuliza fundi yuko wapi.

Tuseme kweli: mtandao ulimtendea Sponji wema ambao mtaa wake ulimnyima. Watu wa mbali waliokuwa hawajawahi kumtia machoni walimletea viti vya sebule nzima. Wasichana walimwandikia kuuliza kazi hii inafundishwa wapi. Na wale wale waliompita mlangoni wakarudi, sasa wakimwita "fundi wetu". Aliwapokea bila kinyongo, ila aliwaweka mwisho wa foleni, na hapo nani atamlaumu?

Mafanikio yake yote yalikaa kwenye kile alichokiita "kabla". Fundi yeyote anaweza kuonyesha kochi likiwa jipya. Sponji alilionyesha kwanza likiwa bovu, na hakuwa na haraka ya kulitoa hapo. "Kochi zuri halimshtui mtu," alikuwa akimwambia mjomba. "Watu wanataka kwanza waone uchafu. Wanataka kusema, afadhali la kwangu." Basi alipiga mito ili vumbi lipande mbele ya mwanga. Alitia kidole kwenye kila tundu, akatoa kilichomo, akakitolea mzaha. Ulimi alikuwa nao. Wenye makochi walicheka naye, kwa kuwa kesho yake waliwekwa tena mtandaoni, kochi likimeremeta, na aibu yote ikawa imekwisha.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hadi lilipokuja kochi la Mwalimu.

Mwalimu alistaafu zamani, lakini katika mitaa ile ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamsema nani. Alifundisha usafi na kushona. Kila asubuhi alipita mstarini akikagua kola na kucha, na mtoto mwenye kola nyeusi aliambiwa maneno machache, kwa sauti ya chini, yaliyouma kuliko kiboko. Sponji mwenyewe alishikishwa sindano ya kwanza na mama huyo. Sasa mumewe Mwalimu alikuwa amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Msiba ulipokwisha na ndugu kutawanyika, alimpigia Sponji simu.

"Kochi langu limelalia upande mmoja," alisema. "Litengeneze likae sawa. Kitambaa chagua mwenyewe, mwanangu. Nakuamini."

Sponji alilisikia neno hilo la mwisho, akalifurahia, akalisahau.

Mvuta mkokoteni alileta kochi la watu watatu, la mbao ngumu za enzi zile. Upande wa kulia lilikuwa limebonyea hadi springi zimelala chini. Na kwenye kiegemeo, juu ya bonde hilo, palikuwa na doa kubwa la kahawia, jeusi kingoni. Sponji alipoliona doa lile moyo wake ulifurahi. Mungu amsamehe, ulifurahi kabisa. Alijua amepata kabla ambayo hajawahi kuipata.

Akasimamisha simu. "Jamani, hili doa ni mtu mzima," aliiambia kamera, akilizungushia kidole. "Hili linastahili kitambulisho, lipige kura." Akatumbukiza mkono ndani ya bonde hadi kiwikoni. Akatoa kichana. Akatoa kijiko, karatasi za vidonge, soksi moja ya kiume. "Mwenye nyumba anahangaika nini madukani? Kila kitu kimo humu!" Akakung'uta mto, vumbi likafuka, akajifanya kukohoa hadi anaanguka. Jina la mtu hakulitaja hata mara moja, na kwa hilo akajiona muungwana.

Alichosahau ni kitambaa kilichokuwa kwenye mkono wa kochi. Kilikuwa cheupe, kimetariziwa ukingoni kwa majani yaliyosukana, kila jani likimshika mwenzake mkia. Tarizi ile haiuzwi dukani. Aliibuni Mwalimu, na kila aliyepita darasani kwake aliishona, akafumuliwa, akaishona tena hadi vidole vikaota sugu. Nusu ya watu wazima wa mji ule wangeitambua kwa kuipapasa tu. Sponji alikuwa ameizoea kiasi kwamba macho yake yaliipita.

Video aliiweka asubuhi. Mchana ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Mwanzoni watu walicheka tu, kicheko cha kawaida. Kisha mtu mmoja akaandika: "Mbona hiyo tarizi naijua?" Mwingine akajibu: "Ni ya Mwalimu wa kola!" Hapo ikawa kama vile kengele ya mapumziko imepigwa. "Kumbe kucha zetu ndizo zilikuwa chafu?" "Aliyetupeleka kunawa, kumbe kwake jalala!" Makundi ya waliosoma pamoja yakaichukua. Mmoja akaikata, akabakiza doa peke yake, akalitilia muziki. Na hawa hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, wenye vyeo na wajukuu, wanatumiana kicheko tangu ofisini hadi jikoni.

Sponji hayo hakuyaona kwanza. Aliona watazamaji wanapanda na watu wapya wanaomba kumletea kazi. "Mjomba, tumetoboa!" alipiga kelele. "Hii imevunja rekodi!"

Mjomba aliiomba simu, akaisogeza mbali na uso hadi mkono ukanyooka, akaitazama video yote bila kucheka.

"Umemwomba mwenyewe?" aliuliza.

"Sijataja jina, mjomba."

"Sikukuuliza umetaja nini. Nimekuuliza kama umemwomba."

Ndipo Sponji aliposhuka kusoma maoni. Alisoma amesimama, kisha akasoma ameketi. Alikuwa bado anasoma simu ilipoita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kochi usiniletee."

"Mwalimu, naomba nikueleze..."

"Limeshakaliwa na watu wengi mno. Mimi sina pangu tena hapo." Na simu ikakatwa. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumamosi ikafika. Kila Jumamosi Mwalimu alifundisha wasichana kushona kwenye ukumbi wa mtaa, bila malipo, kazi aliyoishikilia hata mumewe akiwa mgonjwa. Alikuwa akija, akafundisha, akawahi kurudi. Jumamosi hiyo hakuja. Wasichana walikaa ngazini na nyuzi zao hadi jua likawatoa. Jumamosi iliyofuata hakuja pia. Jirani yake alisema mapazia hayafunguliwi, na kwamba akibisha hodi anaitikiwa kutoka ndani, "Nipo, ahsante," na mlango haufunguki. Mama aliyetembea kichwa juu mji mzima sasa alikuwa anaogopa kufika dukani. Sponji alijua ni nani aliyemfungia ndani.

Alifuta video. Ilifutika kwake, kwa wengine ilibaki inacheza. Akaona kufuta hakutoshi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutenda, akatenda kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Alisimama mbele ya simu, uso umesawijika, akamwomba radhi Mwalimu hadharani, kwa heshima zote, na safari hii akamtaja. Kwa nia njema kabisa akawaambia maelfu ya watu kochi lilikuwa la nani. Waliokuwa hawajui wakajua. Waliokuwa hawajaiona video ya kwanza wakaanza kuulizana inapatikana wapi.

Mjomba alitikisa kichwa hadi kofia ikahama. "Wewe mtoto! Umemvua mtu nguo sokoni, halafu unarudi sokoni na kipaza sauti kumwomba samahani kwa kumvua. Hujui nyumba yake? Miguu huna?"

"Ataniambia nini, mjomba?"

"Atakachokwambia ndicho chako. Nenda ukakichukue."

Lakini Sponji hakutaka kwenda mikono mitupu, na mikono yake ilijua jambo moja tu. Alilifumua kochi lote hadi mbao. Alibadilisha mikanda, akafunga springi mpya, akaweka sponji ngumu aliyokuwa ameihifadhi kwa kazi ya mtu mkubwa. Akachagua kitambaa cha kijani kilichokolea, na pale ambapo cherehani ingetosha, alishona kwa mkono. Kile kitambaa cheupe alikifua, akakipiga pasi. Soksi aliifua pia, akaikunja, akaitia mfukoni, asijue ataifanyia nini. Simu ilikaa ndani ya droo siku zote hizo. Lilipokamilika, mjomba alilizunguka kochi mara mbili, akalipapasa, akatafuta la kusema. Akakosa. Alirudi kwenye kiti chake akiwa na hasira kidogo.

Mvuta mkokoteni alilifikisha hadi mlangoni kwa Mwalimu. Sponji alibisha. "Nipo, ahsante," sauti ikasema.

"Ni mimi, Mwalimu. Siondoki."

Kisha komeo likalia.

Sebule ilikuwa safi, na tupu. Katikati palikuwa na alama iliyopauka sakafuni, mahali kochi liliposimama tangu nyumba ijengwe. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni. Amekonda. Sponji alipiga magoti, akayasema yote bila kuuma maneno.

"Nimekukosea, Mwalimu. Uliniamini, nikakufanya kichekesho. Kisha nikaomba radhi kwa njia iliyokuchafua zaidi. Nimefuta vyote. Sitaweka tena kitu chako mtandaoni maisha yangu yote. Hata picha ya baada sijapiga."

Mwalimu alimtazama. "Hata ya baada hukupiga?"

"Sikupiga, Mwalimu."

"Kwa hiyo mimi nimebaki kwenye kabla."

Sponji akageuka kulitazama kochi mlangoni.

"Watu wote hao wameniona nimechafuka," Mwalimu akaendelea, sauti ileile ya mstarini, ya chini. "Na wewe, kwa heshima zako, umeamua wasinione nimesafika. Umekata hadithi katikati, ukaona umenitendea wema." Akaitazama ile alama iliyopauka sakafuni. "Unajua lile doa lilikuwa nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mgongo wa mume wangu. Hakuweza kulala. Akilala pumzi inakatika. Basi akaishi ameketi, mchana ameketi, usiku ameketi, na mimi pembeni yake. Nilimpaka mafuta mgongoni kila siku ngozi isichubuke, mafuta yakaingia kwenye kitambaa. Nimesugua. Nimesugua hadi kucha zikakatika. Halikutoka. Na hiyo soksi uliyowachekeshea watu niliitafuta nyumba nzima. Miguu yake ilikuwa inaona baridi."

Sponji aliitoa soksi mfukoni. Mwalimu aliipokea, akaitazama, akaona imefuliwa na kukunjwa, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. Na Sponji, ambaye tulisema si mtu wa kulia, alilia kwa sauti, kama mtoto aliyefumuliwa kazi yake mbele ya darasa. Mwalimu alimwacha alie hadi akamaliza. Hakumbembeleza, wala hakumfukuza.

"Liingize," alisema mwishowe.

Wakaliingiza, Sponji na mvuta mkokoteni. Mwalimu alilizunguka kama alivyokuwa akizunguka madawati. Akapitisha kidole kwenye ushonaji wa mkono. "Hapa umeuvuta uzi kupita kiasi," alisema.

"Nitaulegeza."

"Uache. Simu unayo?"

"Ninayo, lakini..."

"Iwashe."

Aliingia chumbani. Alitoka amevaa gauni lililopigwa pasi, kilemba kimekaa sawasawa, na aliyetoka hakuwa yule mama wa kwenye kigoda. Alikaa upande wa kushoto wa kochi, upande wake wa siku zote. Wa kulia akauacha mtupu. Akaitazama kamera kama anayesubiri darasa linyamaze.

"Mimi ndiye mwenye kochi," alisema. "Wengi wenu nimewafundisha, sina haja ya kujitambulisha. Doa mlilolicheka ni mafuta niliyokuwa nikimpaka mume wangu. Alikaa hapa miaka miwili, akafia hapa. Miaka miwili hiyo mlango wangu haukufungwa, na wengi wenu mnaupita kila siku. Hamkuingia kumwona. Lakini kochi lake mmekuja kuliona wote, kwa maelfu, na wengine mmerudi mara ya pili." Akavuta pumzi. "Fundi amefanya kazi nzuri. Amenikosea, ameomba radhi hapa, nyumbani kwangu, na nimempokea. Jumamosi nipo ukumbini. Mwenye neno na mimi anifuate huko, aje na sindano."

Sponji aliendelea kushika simu, ingawa hapakuwa na cha kurekodi tena.

"Imeingia?" Mwalimu aliuliza.

"Imeingia."

"Basi iweke."

Dole gumba la Sponji lilisimama juu ya kioo. Karakana yake ilikuwa nyuma tu ya nyumba ile, ukuta na uchochoro. Miaka miwili hiyo alikutana na Mwalimu njiani mara nyingi, akauliza, "Mzee anaendeleaje?" akajibiwa, "Anaendelea," akashukuru Mungu na kuwahi kazini. Kila mara palikuwa na kochi la mtu linasubiri, au video ya kuweka. Leo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga sebule hii; hata msibani aliishia nje, kwenye turubai.

"Mwalimu," alisema. "Hata mimi sikuja."

"Najua."

"Na nipo hapo nyuma tu."

"Najua ulipo, mwanangu. Tulikuwa tunaisikia nyundo yako kutwa. Kwa mzee, hiyo ndiyo ilikuwa redio yake. Ukinyamaza mapema alikuwa ananiuliza kama unaumwa. Alikuwa anasema, yule mtoto siku moja atapita hapa, atuangalie na hili bonde letu."

Sponji aliiweka video, akaizima simu kabisa, akaisukuma chini ya mfuko wake wa vifaa. Mwalimu akapiga kiganja upande wa kulia wa kochi.

"Kaa."

"Hapo, Mwalimu?"

"Kaa, nimesema."

Akakaa, magoti pamoja na mikono juu ya magoti, kama mgeni anavyokaa kwa mgonjwa. Kisha akauliza mzee alikuwa mtu wa namna gani, na Mwalimu akaanza kumsimulia.